Kifuniko Kimoja cha Javeli

Watu wanaoniletea mikojo ya wanyama wao niipime wanajua kwamba nina tabia mbaya. Kabla sijaangalia rangi, kabla sijauliza kama ni ya ng'ombe au ya mbwa, ninafungua chupa na kuinusa. Nikikuta harufu ya sabuni, ya soda, ya mafuta ya kupikia, na hasa nikikuta harufu ya javeli, ile dawa kali tunayosafishia vyoo na kutia katika maji ya kunywa, ninamwaga yote kwenye sinki mbele ya macho yao na kuwarudisha nyumbani. Wengine wametoka mbali, wamepanda pikipiki mbili na kumalizia kwa miguu. Wananitukana, na wana haki. Vijana wanaojifunza kazi kwangu huninong'oneza, "Mama Numbi, uwahurumie kidogo." Siwahurumii. Mtu akinichukia kwa chupa iliyomwagwa, nitalala vizuri tu.

Wiki iliyopita mama mmoja alileta mikojo ya nguruwe wake. Nilipofungua, javeli ilinipanda puani. Alikuwa ameiosha chupa kwa bidii zote, maskini, kwa sababu mtu alimwambia iwe safi. Sikumfokea kama kawaida yangu. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na koti langu jeupe, mtu mzima wa kuheshimika, nikalia mpaka kijana mmoja akaniletea maji. Ninyi mliokuwa watoto Lubumbashi katika msimu ule wa kipindupindu, harufu hiyo mnaijua bila kuelezwa. Lakini mbuzi wa nkambo yangu, bibi yangu, hamkumjua, na mimi sijawahi kuwaambia habari zake.

Tulikaa Naviundu, nyumba ya vyumba viwili, watu saba. Kipindupindu kilipoingia mtaani, mama yangu aliweka pipa la maji karibu na mlango na chupa ya javeli juu ya kabati, mahali ambapo sisi watoto hatukufika bila kupanda kiti. Kila asubuhi alishusha chupa, akapima, akatia katika pipa, akakoroga na mti. Maji yale yale yaliyoua mtoto wa jirani Jumanne, kwetu yalikuwa dawa Jumatano. Tulinawia javeli, tulioshea nyanya javeli, shati la shule lilinuka javeli hata likiwa kavu. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa akili yangu jambo lilikuwa wazi: kitu kibaya ukikitia javeli kinakuwa kizuri.

Nkambo, mama ya papa yangu, alikuwa amekuja kwetu kutoka upande wa Mitwaba, akikimbia vita, na mbuzi wanne. Watatu waliishia njiani, sikuwahi kujua vizuri namna gani. Wa nne aliingia naye uani kwetu, jike jeusi lenye miguu myeupe, na kwa sababu alitembea akichagua mahali pa kukanyaga, sisi watoto tulimwita Madame. Nkambo hakupenda mji. Hakupenda kelele, hakupenda kununua majani ya muhogo ambayo kwao alichuma bure. Alisema kila siku kwamba atarudi, lakini si mikono mitupu. Mwanamke aliyetoka na mbuzi wanne hawezi kurudi na fimbo. Na sasa Madame alikuwa na mimba kubwa. Nkambo alikuwa amempapasa tumbo akahesabu watoto wawili. Hao wakisimama na kula, alisema, siku hiyo hiyo mnitafutie gari.

Shida ni kwamba ulikuwa wakati wa kiangazi, majani yamekauka na kuchomwa, na majani mabichi yalibaki kando ya mto peke yake. Mama alikataza mtu yeyote wa nyumba yake kukanyaga mtoni. Ndiko kipindupindu kilikotoka, alisema, na yeye hatazika mtoto kwa ajili ya mbuzi. Basi Madame akala maganda ya muhogo na majani makavu ya mahindi, akiwa na watoto wawili tumboni. Nkambo alinung'unika, mama hakubadili neno lake, na mimi nilikwenda shule nikarudi bila kuona ubaya.

Siku moja Madame hakugusa chakula. Siku ya pili alisimama ameegemeza paji la uso kwenye ukuta, akisaga meno, na nilipomwita hakugeuza hata sikio. Papa alirudi kutoka gereji ya malori alikofanya kazi, akamwangalia muda mrefu, na asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, nilimsikia akiongea na mama jikoni.

"Dokta atapita leo kumuangalia," alisema. "Kama anakuta ugonjwa mubaya mu mikojo, tunamukata leo leo, wakati anapumua bado. Nyama ya kufa yenyewe hakuna muntu wa kula."

"Na mama yako?" mama aliuliza.

"Mama yangu nitamwambia mi mwenyewe. Niko na bantu saba ku kichwa."

Msimwone papa kuwa katili. Alikuwa na hofu kama sisi wote msimu ule, na hofu yake ilikuwa ya mtu anayelisha wengine. Lakini mimi nyuma ya mlango nilishika maneno mawili tu: mikojo, na kukata.

Dokta wa wanyama alifika saa tatu, mtu mwembamba mwenye duka dogo la dawa sokoni, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Alipima joto la Madame, akamvuta kope, akamnusa mdomo kwa makini.

"Ananuka sawa matunda yenye kuoza," alimwambia Nkambo. "Niko na mawazo yangu, lakini sitoe dawa mbele ya kuona mikojo. Mbuzi hasemake. Mikojo yake ndjo inasema."

"Mi naweza kukuambia bila mikojo," Nkambo alijibu. "Iko na njaa. Bale babili mu tumbo banamukula."

"Inawezekana kabisa, Mama. Tuhakikishe."

Tulimngoja Madame akojoe, akakataa. Dokta alikuwa na wagonjwa wengine. Mama alikuwa ametoka na beseni lake la mandazi ya kuuza, na magoti ya Nkambo hayakuwa ya kutembea nusu saa. Basi Dokta aliniita mimi. Alinipa chupa ndogo iliyooshwa, akachuchumaa tuwe macho kwa macho. Mbuzi aliyelala, alisema, ukimwamsha tu atakojoa. Ya kwanza iache imwagike chini, kwa sababu inabeba uchafu wa nje. Ya katikati ndiyo nikinge, bila mdomo wa chupa kugusa manyoya wala udongo. Nifunge, nije mbio, kwani mikojo ikikawia juani inabadilika na kuanza kudanganya.

"Utaweza?"

"Nitaweza, Dokta."

Na niliweza. Jambo hilo hunichoma kuliko yote, kwamba niliifanya kazi vizuri namna ile. Nilimngoja Madame alale, nikamshika pembe na Nkambo akamsukuma nyuma, akasimama akitetemeka, akakojoa. Niliacha ya kwanza imwagike. Nilikinga ya katikati, nusu ya chupa, ya njano, ya vuguvugu, bila tone la udongo. Nkambo alinishika kichwa kwa furaha, kisha akarudi kukaa karibu na mbuzi wake.

Niliingia ndani kutafuta viatu. Na pale, peke yangu chumbani na chupa mkononi, nikawaza. Ndani ya mikojo hii kama kuna ugonjwa mbaya, papa atamkata Madame. Maji yakiwa na ugonjwa tunafanya nini? Kila asubuhi nilikuwa nimeona tunafanya nini. Nilivuta kiti, nikapanda, nikashusha chupa ya mama, nikajaza kifuniko kimoja kama nilivyomwona akijaza, nikamimina katika mikojo ya Madame. Ilichemka kidogo kwa povu, halafu ikatulia, njano yake ikafifia. Nilifurahi. Nilifunga kifuniko nikakimbia.

Barabarani niliomba njia nzima kwamba dawa iwahi kufanya kazi kabla sijafika.

Mlangoni pa duka la Dokta kulikuwa na ndoo ya maji ya javeli, kila anayeingia anawe. Nilinawa. Ndani alikuwa amepiga deki kwa javeli, na yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa imechubuka kwa javeli. Alipokea chupa akanisifu kwa mbio zangu, na kwa sababu nilisimama kumtazama bila kupepesa macho, alianza kunifundisha. Labda ndiyo siku nilipoanza kazi yangu, sijui kama ni jambo la kushukuru.

"Mbele ya kipimo, macho," alisema, akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Tunaangalia rangi. Tunaangalia kama iko wazi ao iko na mavumbi ndani. Kisha pua. Lakini pua yangu leo imekufa, tangu asubuhi mi naogelea mu javeli." Akacheka. Mimi sikucheka.

Alitoa katika kopo kipande chembamba cha plastiki chenye viraba vidogo vya rangi, akakichovya, akakigonga ukingoni, akakilaza juu ya meza na kutazama saa yake. Kila kiraba, aliniambia, kinauliza swali moja. Hiki kinauliza damu. Hiki kinauliza sukari. Na hiki cha rangi ya mchanga ndicho alichokuwa anakitafuta: mbuzi mwenye njaa na mimba nzito huchoma mafuta ya mwili wake mwenyewe, na kikigeuka zambarau tutajua Nkambo yako alisema kweli.

Hakikugeuka. Kilibaki rangi ya mchanga. Lakini kiraba cha damu kiliiva kijani cheusi mbele ya macho yangu, na cha sukari kikawa kahawia. Dokta alisogeza kipande karibu na picha za rangi zilizo juu ya kopo, akalinganisha, akakunja uso. Alichovya kipande kingine. Rangi zile zile.

"Chupa mulirudilia kuiosha? Na nini?"

"Hatukuiosha," nilisema. Haikuwa uongo wala kweli kamili, na mtoto wa miaka tisa anajua kusimama katikati pale.

Alivilinganisha tena vipande viwili. Halafu aliandika kwenye karatasi, akinisomea huku anaandika: damu nyingi, sukari nyingi, pengine mafigo. Mulete mikojo ingine kesho asubuhi, tuhakikishe mbele ya kufanya kitu yoyote. Akapiga mstari chini ya maneno hayo ya mwisho.

Nilitoka pale na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeelewa, lakini nilielewa vibaya. Nkambo alituzoesha kuzika kucha tulizokata na kuchoma nywele tulizonyoa, kwa sababu kinachotoka mwilini mwako, alisema, ni wewe bado, na mtu akikifanyia ubaya utausikia ulipo. Basi niliona wazi: mikojo ile ilikuwa Madame. Nimemmwagia javeli. Nimemuunguza tumbo kutoka mbali, na damu ile kwenye kiraba ni damu niliyoitoa mimi. Nilifika nyumbani nikamkuta amelala ubavu, anaguna kila akipumua, na sikuhitaji ushahidi mwingine.

Papa aliomba ruhusa akarudi mapema. Alisoma karatasi kwa sauti, yote, hata mstari wa mwisho. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kesho itakuwa mufu," alisema.

"Dokta amesema kesho," Nkambo alijibu.

"Mama, muangalie. Kesho gani?"

Nkambo alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, akachukua kamba ya Madame akaizungusha kwenye kiganja chake mara tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwana wangu, nilitoka nao wane." Papa alipiga magoti mbele yake, akaanza kufungua kamba kidole kimoja kimoja, akisema polepole, "Unisamehe, Mama. Unisamehe." Mimi nilisimama hatua tano kutoka pale. Neno langu lilikuwa mdomoni, niliweza kulihisi kwa ulimi. Kama ningesema, wangejua kwamba ni mimi niliyemuunguza. Nilifunga mdomo, na papa akamaliza kufungua kamba.

Alimkata nyuma ya jiko, jua likiwa bado juu. Watoto wawili wa tumboni walikuwa tayari wana manyoya na kwato laini, mmoja mweusi, mmoja wa mabaka. Mama aliwaweka katika beseni la mandazi akafunika na kitenge, hakuangalia mtu. Papa alitafuta ugonjwa. Alitoa mafigo, akayageuza kwenye mwanga, akayapasua. Yalikuwa mazuri, laini, kama mafigo yoyote mliyowahi kula. "Ugonjwa iko ndani sana," alisema, hakuna aliyemuuliza. Nkambo alitazama maini tu. Yalikuwa ya njano, yanamomonyoka kidoleni, kama ya mbuzi aliyejila mwenyewe kwa njaa. Aliyashika, akayarudisha, akaenda kunawa. Jioni ile nyumba yote ilikula, na nyumba mbili za majirani. Nkambo alisema ameshiba.

Asubuhi nilimkuta amekaa mahali pa Madame, kamba iko mapajani. Sikuweza tena. Nilimwambia, "Nkambo, mi ndjo nilimuunguza Madame." Nikamweleza yote, kiti, kifuniko, povu, kiraba cha damu. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Javeli haiunguze mbuzi yenye iko mbali," alisema. "Ile habari ya makucha ni ingine." Nkambo yangu hakusoma hata siku moja, lakini akili yake haikuwa ya mchezo. Alivuta ncha ya kitenge chake, akanionyesha doa jeupe mahali ambapo mama alikuwa amemwagikia javeli wakati wa kufua. "Inaondoaka rangi yenye iko. Basi inaweza kuleta yenye haiko."

Nilimwona akielewa. Nilimwona akirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwenye maini ya njano mpaka kwenye karatasi, mpaka kwenye kamba. Uso wake ulilegea mbele yangu kama mtu aliyetua mzigo vibaya. Halafu alinishika kidevu kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Papa yako asijue. Unasikia? Mukono yenye ilikata iko yake."

Hakurudi Mitwaba. Aliishi nasi misimu mitatu mingine ya mvua na hakutaja tena habari ya gari. Tulimzika huku huku, katika udongo wa mji asioupenda.

Mengine nilijifunza nikiwa mkubwa, katika darasa la vipimo lenye madirisha yaliyovunjika. Mwalimu alieleza kwa dakika mbili, akipita tu, kwamba chupa yenye javeli huleta damu na sukari ambazo hazipo, na inaweza kuharibu alama ile ya njaa ambayo ipo. Akaendelea. Alieleza pia dawa ya mbuzi mwenye mimba ya mapacha aliyeacha kula: ukimwahi, maji ya sukari mdomoni, mara nyingi kwa siku, na majani mabichi. Wengine hufa. Wengi hupona. Sukari tulikuwa nayo, mama alikandia mandazi kila alfajiri. Niliomba ruhusa ya kutoka nje.

Papa ni mzee sasa, anakaa kwangu. Miaka yote hii, kwenye harusi na kwenye matanga, alipenda kusimulia siku aliyookoa nyama ya mbuzi mgonjwa kwa kuamua haraka, na watu walimsifu, na mimi nilikwenda kuangalia sufuria jikoni. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa namkata kucha barazani. Alitazama mikono yake katika yangu, iliyojaa mishipa, akaniuliza bila kuinua macho.

"Numbi, weye unajua hii kazi. Ile mbuzi ya mama yangu, alikuwa mugonjwa kweli?"

"Alikuwa mugonjwa, Papa." Hilo lilikuwa kweli.

Alitikisa kichwa, akafikiri. Nilidhani amemaliza, nikashika kidole kingine.

"Na kama tungengoja kesho, angepona?"

Nilikuwa na jibu. Nimelibeba tangu darasa lile, limeniotea ndani, na mtu pekee duniani aliyebaki wa kupewa alikuwa amekaa mbele yangu akiningoja, mkono wake wa kulia umelala mapajani mwangu, mzito, umetulia.

"Hangepona, Papa," nilisema. "Ulifanya vizuri."

Alishusha pumzi. Nikaendelea kumkata kucha, taratibu, nisimguse nyama.